Sindano ya testosteroni inazuia mtoto

Wiki hii tena. Mume na mke wanatafuta mtoto, kipimo cha mbegu kimesoma sifuri, na mume ananinyooshea karatasi ya maabara kwa fahari: testosteroni imevuka kiwango cha juu. "Daktari, homoni ninazo tele." Anazo kweli, ila za kwenye chupa. Anachomwa na kocha wake wa kunyanyua vyuma, kwa imani kwamba testosteroni ikizidi, mbegu nazo zitazidi. Niwaambie wote kwa mkupuo mmoja: ukiichoma, mbegu zinapungua, na mara nyingi zinakwisha.

Korodani hazijiendeshi. Haipothalamasi, sehemu ndogo ya chini ya ubongo, inatoa homoni ya GnRH, na pituitari, tezi iliyoning'inia chini yake, inajibu kwa homoni mbili, LH na FSH. Ndani ya korodani, LH inaziamuru seli za Leydig zitengeneze testosteroni, FSH inashughulika na seli za Sertoli zinazolea mbegu. Hilo kila kitabu kinalo, tusonge mbele.

Kisichosemwa sana ni kwamba testosteroni iliyomo ndani ya korodani inaizidi ya kwenye damu mara makumi, na mbegu zinaitegemea hiyo ya ndani. Ubongo unaona ya kwenye damu tu, tena sehemu kubwa ya taarifa unaipata baada ya testosteroni kugeuzwa estradioli, aina ya estrojeni. (Ndiyo, wanaume tuna estrojeni, na tunaihitaji.) Ukijichoma, ubongo unaona damu imejaa, unainyamazisha GnRH, LH inashuka, seli za Leydig zinalala. Damu inafurika huku korodani zikisinyaa. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha jaribio la testosteroni, miligramu 200 kila wiki, kama njia ya uzazi wa mpango. Zaidi ya nusu ya wanaume walifikia mbegu sifuri. Uzazi wa mpango, jamani! Ndiyo mnayojichoma mkitafuta mtoto.

Sasa linalonikera zaidi: mapigo. Mtu anachora mshale mtandaoni, kemikali fulani ya ubongo "inapandisha testosteroni", kisha anauza vidonge. GnRH haifanyi kazi kwa wingi wake, inafanya kazi kwa mapigo. Kwa mwanamume mzima ni takriban pigo moja kila saa moja na nusu hadi mbili. Mwaka 1978, huko Pittsburgh, Ernst Knobil na wenzake waliwapa GnRH mfululizo tumbili wa rhesus ambao haipothalamasi zao zilikuwa zimeharibiwa. LH ikaporomoka. Wakawapa GnRH ile ile mara moja kwa saa, LH ikarudi. Pituitari ni mwenye nyumba anayeitikia hodi. Ukibisha bila kupumua, anaacha kuitika. Ndiyo maana goserelini, dawa inayoiga GnRH, hutumika kuzima testosteroni kwa wenye saratani ya tezi dume. Siku za mwanzo inaipandisha, kisha inaizima kabisa. Huo mshale wako utauchora uelekee wapi?

Na nani anapiga hodi? Seli za neva zenye kispeptini, kemikali ya ubongo inayochochea GnRH itolewe. Mwaka 2003 timu mbili, moja ya Ufaransa na nyingine ya Boston, zilionyesha kwamba watu ambao kipokezi cha kispeptini kimeharibika hawabalehe. Seli hizo hizo hutoa kemikali nyingine mbili: neurokinini B inayochochea mapigo na dainofini inayoyatuliza. Vitabu huchora saketi hii kana kwamba kesi imefungwa, ilhali ushahidi mwingi umetoka kwa panya, mbuzi na kondoo. Kwa mwanamume aliye hai GnRH hatuipimi kabisa: imo kwenye vishipa vidogo kati ya haipothalamasi na pituitari, na damu tunayovuta mkononi haina ya kutosha kupima. Tunakisia kwa kuitazama LH, ambayo nayo hupanda na kushuka. Ndiyo maana majibu ya damu ya mara moja nayaangalia kwa shaka, hata yakiwa na muhuri.

Dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, wauza vidonge wameigeuza dawa ya nguvu za kiume. Kazi yake inayonihusu mimi ni kuizuia prolaktini, homoni ya pituitari inayojulikana kwa kutengeneza maziwa. Haloperidoli na risperidoni, dawa za magonjwa ya akili, hufunga vipokezi vya dopamini, prolaktini inapanda, kispeptini inafifia, hamu inaondoka. Usiache dawa kwa sababu hiyo, mwambie anayekutibu. Opioidi, dawa kali za maumivu kama tramadol, nazo huyafifisha mapigo yenyewe ya GnRH. Anayemeza tramadol kila siku kisha akanunua testosteroni ana tatizo kichwani, na ninasema hivyo kianatomia.

Walioacha sindano wengi hurudisha mbegu ndani ya miezi kadhaa hadi mwaka, wengine hupita hapo, na wachache hazirudi. Nani ataangukia wapi, hakuna kipimo kinachoniambia mapema. Sindano ya hCG, homoni inayofanana na LH, husaidia kwa sababu inashika nafasi ya LH kwenye korodani, lakini ubongo unabaki na muda wake wa kuamka. Ukija kupima, njoo asubuhi, useme umechoma nini, tangu lini, na chupa uje nayo. Mara nyingi kilichomo sicho kilichoandikwa.