Kifafa Kinapotokana na Kinga: Kinga Haijashuka

"Daktari, kinga yake imeshuka, tumemwanzishia mlonge na vidonge vya kuongeza kinga." Nimechoka kuisikia kauli hii, maana mgonjwa hufika kwangu muda wa thamani umeshapotea.

Vifafa vingi vina chanzo kingine: ajali ya kichwa, maambukizi, kiharusi, kurithi. Ila kinga inapohusika, tatizo si uhaba wake. Mwili unatengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoshambulia ubongo wenyewe. Mfano unaojulikana zaidi ni ensefalitisi ya vipokezi vya NMDA (kuvimba kwa ubongo, kingamwili zikishambulia vipokea-ujumbe vya seli zake), ambayo daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake waligundua kingamwili zake mwaka 2007. Binti aliyekuwa mzima anakosa usingizi, anaona vitu, anaongea peke yake. Siku chache au wiki kadhaa baadaye anapata degedege, na mdomo unatafunatafuna bila kitu. Kwa baadhi yao tunakuta uvimbe kwenye ovari, teratoma, ndio uliochokoza kinga, na lazima utolewe. Mtu kama huyu unamwongezea kinga ya nini? Tunaituliza: methylprednisolone (steroidi) kwenye mshipa, immunoglobulini (kingamwili kutoka kwa wachangia damu), kubadilisha plazma (majimaji ya damu), na ikibidi rituximab. Ndugu wakisikia "dawa ya kushusha kinga" wanagoma kusaini. Sainini, jamani! Anayeanza mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kupona, ingawa kupona kwenyewe huchukua miezi.

"Ni mapepo." Kingamwili hizi zinapimika kwenye maji ya uti wa mgongo. Mleteni apimwe kwanza.

"Sindano ya mgongo inapoozesha." Tunachoma chini kabisa kiunoni, chini ya pale ugwe mgongo, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya mfupa wa mgongo, unapoishia.

"MRI iko safi, haumwi." Kwa ugonjwa huu wa NMDA, picha ya MRI ya ubongo kuwa safi ni jambo la kawaida.

"Kifafa huambukiza kwa mapovu." Hapana. Mguseni bila woga, mlazeni ubavu.

"Mzee hawezi kuanza kifafa." Anaweza. Kingamwili zinazoshambulia LGI1, protini ya ubongoni, huwapata zaidi watu wa makamo na wazee: uso na mkono wa upande mmoja vinakakamaa ghafla, sekunde mbili tatu, mara nyingi kwa siku, kikombe cha chai kinamponyoka. Kumbukumbu inapungua, sodiamu kwenye damu inashuka. Dawa za kifafa peke yake mara nyingi hazifui dafu hapa, steroidi ndizo hutuliza. Mrekodini kwa simu mje na video, kwa sababu akikaa mbele yangu huenda asishtuke hata mara moja.