Waranti ya injini ya lori haifi kwa sababu hukuandikiwa

Wenye malori wengi Kenya huamini kwamba injini ikishafanyiwa overhaul (kufunguliwa na kutengenezwa upya) na risiti ikagongwa muhuri wa “hakuna kurudishiwa pesa”, ikifa baada ya wiki tatu hasara ni yako. Si kweli. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na muhuri wa gereji haukifuti.

Kinachoua madai mara nyingi ni haraka: lori linakwama njiani, tuseme Salgaa kwenye barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, dereva anaita fundi wa barabarani, injini inafunguliwa. Hapo gereji inadai vyuma vimechezewa. Usifungue. Livute, mwite fundi asiye na upande, karta (bakuli la oili chini ya injini) ishushwe wewe na gereji mkitazama. Beringi iliyochomeka hadi ikageuka samawati ilikosa oili. Pistoni iliyotobolewa juu huelekeza kwenye nozeli, kifaa kinachopulizia mafuta ndani ya injini. Mbele ya ushahidi huo, gereji itapata kazi kujitetea kwa “uliendesha vibaya”. Hifadhi oili iliyotoka kwenye injini katika chupa safi.

Pelekea gereji barua, si simu tu. Wakikaidi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na wakili si lazima.