Kwa nini kampuni ya shaba Lubumbashi iliwakopesha wafanyakazi mahari?

Waulize wazee wa Lubumbashi, mji wa kusini mwa Kongo (DRC), familia nzuri ilikuwaje, wengi watakuelezea hivi: baba yuko kazini, mama yuko nyumbani, posho haikosi, watoto wanasoma. Tunaiita desturi ya mababu. Kwa kweli sehemu kubwa ya maisha hayo ilipangwa na kampuni.

Mji ulianza 1910 kwa ajili ya shaba. Mwanzoni Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa ukoloni, iliajiri wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Walitolewa mbali, wengi wakaugua na kufa kambini, na aliyeanza kuizoea kazi alikuwa tayari anarudi kwao. Kutafuta wengine kila mara kulikula pesa. Kuelekea 1928 ikaleta mkataba wa miaka 3 na kutaka mwanaume aje na mke. Asiye na mke aliweza kukopeshwa mahari. Mke akapata posho, watoto pia. Zikaja nyumba za kujifungulia, shule, mafunzo ya kushona. Haikuwa sadaka: watoto wale ndio waliohesabiwa kuwa wafanyakazi wa kesho. Na mama aliyekuwa na shamba lake kijijini sasa alikula kwa jina la mumewe. Hilo, kwangu, ndilo badiliko kubwa kuliko yote.

Gécamines, kampuni ya serikali iliyoshika nafasi ya Union Minière 1967, iliendeleza mpango huo, mpaka miaka ya 1990 uzalishaji ulipoanguka na mishahara ikakatika kwa miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa. Akina mama wakaingia sokoni na unga na makaa, wakawa wao wanaolisha nyumba.

Vijana wa leo hawana wa kuwakopesha mahari, na wengi huanza kwa yaka tofanda, Kilingala cha "njoo tukae", yaani kuishi pamoja bila ndoa. Wanaitwa wahuni, jambo linaloniumiza, maana wengi wanatamani ndoa. Hatari yake ni ya kweli: mwanaume akifariki, mwanamke huyo si mrithi kama mke, hata wakiwa wameishi pamoja miaka 15. Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inadai mahari. Ila haidai yote kwa mara moja: ikitolewa sehemu na wazazi wakaipokea, ndoa inaweza kufungwa na kuandikishwa etasivili (ofisi ya usajili wa raia) kwenye komini, yaani wilaya ya mji. Deni lililobaki ni la kuzungumza kati ya familia mbili.