Monsuni si mvua

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo Malindi, hakosi mtu wa kutangaza kwamba monsuni imeingia. Waongoza watalii pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama husema hivyo, redioni husemwa hivyo, na sasa hata vijana waliozaliwa katika nyumba za wavuvi wameiga. Nimevumilia vya kutosha.

Monsuni ni upepo. Ni ule upepo mkuu wa majira unaovuma upande mmoja kwa miezi kadhaa, kisha ukageuka ukavuma kutoka upande wa pili. Bara la Asia likipata joto, hewa ya bahari ya kusini huvutwa kwenda huko. Likipoa, hewa hurudi ilikotoka. Sisi tunazijua zote mbili kwa majina: kusi, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na kaskazi, Disemba hadi Machi. Kati yake kuna tangambili, pepo zinapolegea na kusitasita.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Waingereza walilipokea katika karne ya 16, na chanzo chake ni Wareno, waliotamka monção, nao walikuwa wamelisikia kwa mabaharia Waarabu: mausim. Mzizi wake ni kutia alama, kama mfugaji anavyompiga ngamia wake chapa. Mausim ni wakati uliotiwa alama: wa hija, wa mavuno, wa vyombo kung'oa nanga. Mvua haimo kabisa. Na neno hilohilo lilikuwa limekwisha kufika kwetu bila kupitia Lisbon, tukalifanya msimu. Kwa hiyo anayesema "msimu wa monsuni", kwa mizizi ya maneno, anasema msimu wa msimu.

Maana ya mvua iliingizwa katika neno hilo kule India. Kusi hii hii ikivuka ikweta hupindishwa na mzunguko wa dunia, ikaifikia India kutoka kusini-magharibi ikiwa imejaa mvuke, na mwanzoni mwa Juni mvua huanza kupiga Kerala. Kule upepo na mvua hufuatana, basi Waingereza waliokaa huko wakaanza kuiita mvua yenyewe monsuni. Kamusi zao leo zinakubali maana zote mbili, na mtu wa Mumbai akisema hivyo simlaumu.

Lakini huku mambo hayaendi hivyo. Mvua kubwa ya masika, ile tuiitayo mvua ya mwaka, hutunyeshea zaidi Aprili na Mei, kusi inapoingia. Ya vuli huja Oktoba na Novemba, kusi imechoka na kaskazi bado haijashika. Januari na Februari kaskazi inavuma sawasawa, na hiyo ndiyo miezi mikavu kuliko yote. Ikiwa monsuni ni mvua, Januari ya Lamu tuiite nini?

Zaidi ya yote hunikera kuyasikia hayo chini ya nguzo ile, maana safari ya yule Mreno ndiyo somo zima la monsuni. Alitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa hapa, kusi ikamsukuma, na tarehe 20 Mei alikuwa ametia nanga karibu na Calicut, India. Chini ya mwezi mmoja. Kurudi, hakungoja kaskazi ishike. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, akaingia katika utulivu na pepo za omo, akafika Malindi tarehe 7 Januari 1499. Karibu miezi mitatu, maji yale yale. Watu wake walikufa njiani kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote, hata merikebu moja ikachomwa moto. Mabaharia waliokuja Lamu kutoka Omani na Hadhramaut hawakuhitaji kuhadithiwa hayo. Walishuka na kaskazi, wakauza tende, wakapakia boriti, wakasubiri kusi iwarudishe kwao.

Kuna na wale wanaozichukulia monsuni na pepo za biashara kuwa kitu kimoja. Hapana. Pepo za biashara hushika mwelekeo mmoja karibu mwaka mzima. Monsuni hugeuka, na kugeuka huko ndiko kunakoifanya iwe monsuni. Hata hiyo "biashara" ilitokana na tafsiri ya haraka: neno la Kiingereza lililotumika pale, trade, lilimaanisha kwanza njia au mkondo, na upepo uliosifiwa hivyo ni upepo ulioshika njia yake bila kuyumba. Biashara ilikuja baadaye. Kichekesho ni kwamba huku kwetu biashara ya baharini ilitegemea zaidi ile isiyoitwa ya biashara.

Simwambii mtu aache neno monsuni; limekwisha ingia vitabuni na mgeni analielewa upesi. Ila mwongoza watalii akikutwa na mvua ya Mei pale nguzoni, awaambie wageni wake ni mvua ya mwaka. Wakitaka monsuni, awaonyeshe upepo unaowapeperusha kofia, awaambie jina lake hapa ni kusi.