Raha ya mbio: yanayosemwa Maisara na yaliyopimwa maabara

Wanaokimbia asubuhi kwenye viwanja vya Maisara, mjini Unguja, hawana haja ya kuambiwa kama raha ya mbio ipo. Wanaijua. Jasho limeshalowanisha fulana, pumzi imekaa sawa, miguu inajiendea yenyewe, na yale mawazo ya ada ya mtoto na kodi ya nyumba yamelegea kidogo. Wengine hucheka peke yao. Mabishano huanza mbio zikishaisha, watu wamekaa na kahawa au dafu, na kila mmoja ana maelezo yake: raha ile imetoka wapi, nani anaipata, inapatikana vipi. Katika maelezo hayo mna kweli kidogo na mna mengi ya kusikia tu.

"Ni endorfini hizo, yakhe"

Hii ndiyo dhana kongwe, kwamba raha ile huletwa na endorfini, kemikali za jamii ya afyuni ambazo mwili hujitengenezea, na chanzo chake kinaeleweka. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwenye ubongo mna vipokezi ambavyo afyuni na mofini hunasa. Swali likaja lenyewe: ubongo una mlango wa afyuni kwa kazi gani, ikiwa hakuna mtu anayezaliwa na afyuni mwilini? Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, waliokuwa Aberdeen huko Scotland, wakaeleza kemikali za namna hiyo ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Punde ikajulikana na beta-endorfini. Na miaka hiyohiyo Wamarekani walikuwa wameshikwa na homa ya kukimbia barabarani, hasa baada ya Frank Shorter kushinda marathoni ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Mambo mawili yakakutana. Watu wakapimwa damu baada ya mbio, endorfini ikaonekana imepanda, na kisa kikaishia hapo. Kikaingia magazetini, kikafika kwa makocha, na mpaka leo mwalimu wa mazoezi akitaka kuonekana amesoma lazima aitaje.

Kasoro iko njiani. Endorfini iliyopimwa ni ya kwenye damu, na ubongo una ulinzi wake: kuta za mishipa midogo inayoulisha zimebana sana, hazipitishi kila kitu. Beta-endorfini ni mnyororo wa amino asidi 31, kitu kikubwa, na haivuki kirahisi. Damu kujaa endorfini hakuthibitishi kwamba ubongo umeionja. Ni kama kuhesabu makontena bandarini Malindi ukatangaza kwamba maduka ya Darajani yamejaa bidhaa.

Tusiifukuze kabisa, lakini. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliwapiga picha za ubongo wanariadha 10 kabla na baada ya kukimbia saa mbili, wakaona dalili kwamba ubongo wenyewe, si damu, ulikuwa umetoa kemikali za jamii ya afyuni, na aliyehisi raha zaidi ndiye aliyeonyesha dalili zaidi. Kwa hiyo zipo. Suala ni kama ndizo zinazoleta ile raha, au zimefuatana nayo tu.

Jaribio la kulijibu hilo ni rahisi kulieleza. Iko dawa iitwayo naltreksoni, inayoziba vipokezi vya afyuni. Hutumika pia kuwasaidia walioacha unga na pombe. Ukimpa mkimbiaji dawa hiyo na raha ikatoweka, basi endorfini ndiyo mwenyewe. Kundi la watafiti wa Hamburg lilifanya hivyo kwa watu 63 na likachapisha matokeo mwaka 2021. Wengine walipewa naltreksoni, wengine kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyejua amepewa nini. Wakakimbia dakika 45 kwenye mashine, na siku nyingine wakatembea tu. Waliokimbia walichangamka na wasiwasi wao ukapungua, waliozibwa kwa dawa sawasawa na wasiozibwa. Kuziba mlango wa endorfini hakukuzuia kitu.

Adrenalini nayo hutajwa. Hiyo hupandisha mapigo ya moyo na kumfanya mtu awe macho, kama mtu aliyekurupushwa na mbwa kichochoroni. Aliyekurupushwa na mbwa humwoni akitabasamu.

"Basi ni bangi ya mwili, mtu amelewa"

Hapa tunakaribia, ingawa anayesema hivyo mara nyingi anatania. Kemikali inayotiliwa nguvu zaidi siku hizi ni anandamidi, iliyogunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Raphael Mechoulam mjini Jerusalem. Mwili huitengeneza kutokana na mafuta, na hunasa kwenye vipokezi vilevile ambavyo hunaswa na kemikali ya bangi. Kwa kuwa ni ya mafuta, inavuka kutoka kwenye damu kuingia ubongoni bila taabu. Mwaka 2003 ilipimwa kwa vijana wa chuo Marekani waliokimbia au kuendesha baiskeli kwa dakika 50, ikakutwa imepanda. Mwaka 2015 kundi la Ujerumani lilifanya kwa panya jaribio ambalo kwa binadamu lisingekuwa jepesi. Panya waliokimbia kwenye gurudumu walipungua woga na wakavumilia maumivu zaidi. Walipozibiwa vipokezi vya endorfini hakuna kilichobadilika. Walipozibiwa vipokezi vya anandamidi, utulivu ule ukaondoka.

Panya hasemi kama amefurahi, na hilo watafiti wanalijua. Kwa mtu bado hatujasogea mbali hivyo. Ila ukiweka ushahidi wa pande zote mezani, anandamidi na wenzake ndio wanaoelekea kubeba mzigo mkubwa.

Sasa huja swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: kama ni jamii ya bangi, je, mtu si amejilewesha? Fatwa si kazi yangu, wenye elimu yake wapo. Upande wa mwili ninaweza kuusema. Hakuna kilichovutwa, kilichotafunwa wala kunywewa. Anandamidi hutengenezwa palepale inapohitajika, na mwili una vimeng'enya vya kuivunja haraka, ndiyo maana raha ile haidumu. Aliyeshuka mbio zake za asubuhi hapepesuki, anajua anachosema, na anaweza kusimama imamu au kufungua duka. Na kwa vijana wanaohofia kupimwa mkojo kazini: kipimo cha bangi kinatafuta mabaki ya kemikali ya mmea wenyewe, na anandamidi siyo hiyo. Atakayekutwa na bangi asisingizie Maisara.

"Kimbia mpaka uone nyota, ndipo utaipata"

Dhana hii ndiyo iliyowafukuza watu wengi kwenye mazoezi, na kwangu ndiyo mbaya kuliko zote. Mgeni anakuja siku ya kwanza, anaambiwa raha iko mbele ya maumivu, avumilie. Anafukuzana na vijana wanaojiandaa na ligi, anatapika karibu na Kilimani, haonekani tena.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapima wakimbiaji baada ya nusu saa ya mwendo wa viwango vinne, kuanzia kutembea hadi mbio kali. Anandamidi ilipanda kwenye mwendo wa kati, moyo ukiwa kwenye asilimia 70 hadi 80 ya upeo wake. Kutembea polepole hakukuipandisha vya kutosha, na mbio kali nazo hazikuipandisha. Ukitaka hesabu, watu hukadiria upeo wa moyo kwa kutoa umri wako kwenye 220. Mtu wa miaka 40 upeo wake ni 180, na mwendo wa raha kwake ni mapigo kama 126 hadi 144 kwa dakika.

Asiye na saa ya kupimia ana mchakamchaka. Nadhani waliotuachia utaratibu wa kukimbia huku mnaimba walikuwa na kipimo kizuri kuliko wengi wanaouza programu za mazoezi kwenye simu. Kiongozi anaanzisha, kundi linaitikia. Ukiweza kuitikia mstari mfupi na bado ukatamani kuvuta pumzi kabla ya mstari unaofuata, uko mahali pake. Ukiweza kuimba ubeti mzima na kupiga soga juu yake, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuitikia, punguza, hata kama aliye mbele yako ni mzee wa miaka 60. Kila Januari 1, Siku ya Mazoezi, vikundi vinapokusanyika kwa wingi, tazama nyuso za walio katikati ya msafara wanaoimba. Hao ndio walioipata. Wale wawili watatu walioamua kushindana mbele wana sura ya watu wanaong'oa jino.

Iko sababu inayotolewa kueleza kwa nini mwili ulipe mwendo wa kati. Mwaka 2012 watafiti walewale waliwaweka kwenye mashine watu, mbwa, na ferreti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Anandamidi ilipanda kwa watu na kwa mbwa, viumbe ambao asili yao ni kwenda masafa kutafuta riziki. Kwa ferreti, ambaye maisha yake si ya kukimbia mbali, haikupanda. Wanasema huenda raha hii ilikuwa ujira wa kiumbe anayelazimika kwenda mbali. Ni dhana yenye mantiki, na mnyama mmoja mdogo haitoshi kuifunga kesi, lakini naipenda.

Mtu atauliza: mbona washindi wa mbio kali hufurahi vile? Alphonce Simbu alipoipa Tanzania dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, akimpita mwenzake kwenye hatua za mwisho kabisa, furaha ile ilikuwa ya ushindi. Ya ushindi inakuja hata kwenye bao na keram.

Na msichanganye na ile nafuu ya dakika kumi za mwanzo. Unaanza ukihema, kisha pumzi inakaa. Hapo moyo na mapafu vimewahi mahitaji ya misuli, basi. Raha yenyewe, kwa anayeipata, huchelewa zaidi.

"Asiyeipata hajui kukimbia"

Wako wanaokimbia miaka na hawajawahi kuihisi. Wako wanaoihisi leo, wiki ijayo hawaioni, njia ileile, viatu vilevile. Usingizi, joto, chakula, fikra, maumbile ya mtu, vyote vina mchango. Kuna dada mmoja wa kikundi cha Mbweni aliyesema anachopata yeye ni njaa tu. Moyo wake unanufaika kama wa wenzake, na presha yake pia.

Wala si mali ya wakimbiaji. Wale vijana wa 2003 wengine walikuwa juu ya baiskeli. Anayeendesha baiskeli Chake Chake hadi Wete na vilima vile vya Pemba ana haki ya kuidai, na akina mama wanaofanya viungo kwa ngoma kwa nusu saa nao vilevile. Kinachotakiwa ni mwendo wa kati unaoendelea bila kukatika.

"Ukijisikia raha ujue mwili uko salama"

Hapana, na hili tulikamate vizuri. Mazoezi hupunguza kuhisi maumivu. Goti lililoanza kulalamika kwenye barabara ya Migombani linaweza kunyamaza ukiwa katikati ya raha, likaja kudai chake umeshakaa. Mwenye jeraha asiamue kwa anavyojisikia akikimbia; aamue kwa anavyojisikia kesho yake asubuhi. Wako pia wachache ambao mbio zimewashika kama uteja: wanakimbia na mfupa una ufa, wanagombana na nyumba siku wasipotoka. Hao wanahitaji kuzungumza na daktari, si kuongezewa masafa.

Hatari kubwa ya kwetu ni joto. Msimu wa kaskazi hewa ya Unguja na Pemba ina unyevu mwingi, jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Joto la ndani likipita nyuzi 40 ubongo unaanza kuchanganyikiwa, na dalili zake za mwanzo mtu asiyejua anaweza kuziita stimu: kichwa chepesi, kucheka bila sababu, maneno yasiyofuatana. Mwezi wa Ramadhani kuna vijana hukimbia ufukweni kabla ya futari, tumbo tupu na koo kavu, wakasifia wepesi ule wa kichwa. Wepesi ule ni upungufu wa maji na chakula. Kukimbia saa moja baada ya kufuturu, au usiku baada ya tarawehe, kuna nafuu.

Tofauti unaweza kuijua kwa kumwuliza maswali. Mwenye raha ya mbio anakujibu: jina la mtaa, siku, amekimbia toka wapi. Anaenda njia iliyonyooka. Aliyepigwa na joto anajibu ovyo au anakasirika, anayumba, ngozi inachoma, pengine anasisitiza kwamba yuko sawa na anataka kuendelea. Huyo msimsikilize. Mwekeni kivulini, mpunguzieni nguo, mmwagieni maji ya baridi mwili mzima na kumpepea, anza hapohapo huku gari la kwenda hospitali likitafutwa. Asipewe maji ya kunywa akiwa hajitambui, na asiachwe akalale nyumbani ati amechoka.