Chembe za plastiki ziwani na usugu wa dawa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wapo wanaoamini kwamba mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, Ziwa Victoria lilipona. Marufuku hiyo iligusa mifuko ya kubebea bidhaa. Chupa na nyavu za nailoni zimebaki, nazo huchakaa kwa jua na mawimbi hadi kuwa chembe zisizofika milimita 5. Watu husema plastiki hiyo imeoza, ilhali imekatikakatika tu. Miaka michache kabla ya marufuku, watafiti walionunua sangara na sato sokoni Mwanza walithibitisha plastiki katika matumbo ya samaki mmoja kati ya kila watano.

Wengine hujifariji kwa ukubwa wa ziwa. Ni kweli lina takriban kilomita za mraba 68,800, lakini sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke huiacha plastiki nyuma.

Dhana yenye madhara zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba usugu wa dawa ni mwili wa mgonjwa kuzizoea dawa, hivyo asiyemeza ovyo vidonge vya rangi mbili (antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria) hana la kuogopa. Wanaopata usugu ni bakteria, si mwili, na bakteria hao hupeana vinasaba vya usugu hata wakiwa wa jamii tofauti. Maji machafu ya mijini, kama yale yanayoingia Mto Mirongo wa jijini Mwanza kabla haujamwaga ziwani, yanaweza kubeba bakteria wa namna hiyo pamoja na mabaki ya antibiotiki yaliyotoka na mkojo. Chembe ya plastiki ikikaa majini huvikwa utando wa vijidudu, na ndani ya utando huo bakteria huishi wamesongamana, jambo linalorahisisha kupeana vinasaba. Plastiki huwapa bakteria makao, na inapoelea huwasafirisha.

Je, kuchemsha maji kunamaliza yote? Kunaua bakteria, na kwa sababu hiyo kusiachwe, ila chembe za plastiki hubaki ndani ya maji hayo. Kwa samaki mambo hutofautiana: sato hupasuliwa akatolewa matumbo, zinamokaa chembe nyingi, lakini dagaa (ambao nami sijaacha kuwala) huanikwa na kuliwa wazima, matumbo yakiwamo.