Kuzungumza na sehemu za ndani pale hisia zinapokuzidi nguvu

Sehemu za ndani ni namna ya kumwelewa mtu: kwamba ndani yake hamna sauti moja tu, bali mna pande nyingi, kila upande na hisia zake, kumbukumbu zake na kazi yake. Si ugonjwa. Kila mtu anazo. Unataka kumpigia simu ndugu mliyegombana, na papo hapo moyo wa pili unakukataza. Hizo tayari ni sehemu mbili, na kila moja ina hoja.

Daktari Roberto Assagioli wa Italia alikwisha kuandika juu ya jambo hili miongo mingi iliyopita, lakini mbinu inayotumika sana leo ni Mfumo wa Familia ya Ndani, ulioasisiwa na Richard Schwartz wa Marekani katika miaka ya 1980. Schwartz alikuwa mtaalamu wa tiba ya familia huko Chicago. Watu wa fani hiyo hawamtazami mtoto mkorofi peke yake. Wanauliza nani nyumbani anamtetea nani, nani anakaripia, nani amenyamaza. Alipokuwa akiwahudumia wateja waliokula kupita kiasi kisha wakajitapisha, aliwasikia wakieleza mabishano ya ndani: upande mmoja unawatukana, mwingine unaumia kwa matusi hayo, wa tatu unawasukuma wale ili maumivu yasisikike. Akaiona familia nzima, imo ndani ya mtu mmoja.

Mwanzoni alizishughulikia sehemu hizo kwa amri. Yeye mwenyewe husimulia kisa cha mteja aliyekuwa akijikata mwilini. Schwartz aliibana ile sehemu inayojikata mpaka ikaahidi kuacha. Kikao kilichofuata mteja alikuja na jeraha kubwa usoni. Hapo Schwartz akaacha kushindana nayo, akaiuliza kwa nini inafanya vile, na ikaeleza jinsi ilivyomsaidia mteja kustahimili dhuluma za utotoni. Ilikuwa bado inamlinda kutokana na hatari iliyokwisha kupita. Kwangu mimi, kisa hiki kinaieleza mbinu yote kuliko michoro na istilahi zake: sehemu inayokutesa ina sababu, na haiachi kwa kukemewa.

Tuchukue mfano wa karibu. Mfanyakazi anapata ujumbe kutoka kwa mkuu wake: "Kesho asubuhi pita ofisini kwangu." Kifua kinabana. Anaanza kupanga utetezi wa makosa ambayo hakuna aliyemtuhumu. Anajisema kuwa ni mzembe. Baadaye anashika simu na kutazama video mpaka saa tisa usiku. Ukimuuliza atakwambia ana wasiwasi tu, kumbe ndani yake sehemu kadhaa zimeingia kazini. Yule anayepanga utetezi na yule anayemsema ni wasimamizi: kazi yao ni kuzuia aibu kabla haijafika. Anayemkalisha na simu ni mzimamoto, anayeingia maumivu yakishawaka na hajali anaharibu nini mradi moto uzimike. Kwa mwingine angekuwa pombe, hasira au kula. Na chini yao wote yupo aliyefungiwa, sehemu iliyobeba maumivu ya zamani, pengine mtoto wa darasa la tatu aliyechapwa viboko mbele ya wenzake na kuambiwa asilie. Ujumbe wa mkuu umemgusa huyo. Ndiyo maana hofu ni kubwa kuliko ujumbe wenyewe.

Zaidi ya sehemu hizo, Schwartz anasema, yupo mwenyewe: Nafsi, iliyo na utulivu, udadisi, huruma na ujasiri. Hisia zinapokuzidi, maana yake sehemu moja imekufunika na Nafsi haionekani. Haijapotea.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kuifukuza hofu, ni kupata nafasi kidogo baina yako nayo. Badala ya "mimi ni mwoga", sema "kuna sehemu yangu inaogopa". Tafuta iko wapi mwilini: kooni, tumboni, begani. Kaa nayo bila haraka. Kama inakuja kwa nguvu mno, iombe, kwa maneno hasa, isikujie yote kwa mkupuo ili uweze kuisikiliza. Watu wengi hushangaa kuona inapunguza kishindo, kwa sababu ilichokuwa ikitafuta ni kusikilizwa.

Kisha jiulize: naionaje sehemu hii? Hapa pana uzito kuliko panavyodhaniwa. Ukijibu "naichukia, imenichosha", anayejibu si wewe bado. Ni sehemu nyingine, msimamizi aliyechoka na hofu. Naye umwombe apishe kidogo. Unarudia swali hilo mpaka jibu liwe na udadisi au huruma, hata kama ni kidogo. Ndipo unapouliza swali lenye faida kubwa: unaogopa nini kingetokea kama ungeacha kazi yako? Anayemsema yule mfanyakazi huenda akajibu, "Nisipomsema mimi kwanza, watamsema wengine, na safari hii hatavumilia." Huwezi kuendelea kumchukia mlinzi wa namna hiyo. Mshukuru kwanza. Mazungumzo ya kumpunguzia kazi yatakuja baadaye, tena kwa ridhaa yake.

Wengi wetu tumelelewa kwa "vumilia" na "mwanamume halii", na maneno hayo yametuachia wasimamizi hodari kweli, waliotufikisha mbali shuleni na kazini. Tusiwadharau. Lakini mtu akiwa na wasimamizi peke yao, siku hisia zikivunja mlango hana njia nyingine ila mzimamoto.

Nitoe tahadhari mbili, maana watu huchanganya mambo haya. Sehemu za ndani si majini wala mapepo; hazitoki nje, hazipungwi, na kumwambia mtu mwenye hofu kwamba amevamiwa kunamwongezea hofu juu ya hofu. Pia si sawa na kusikia sauti zinazotoka nje ya kichwa, kuamini mambo yasiyokuwapo, au kupoteza kumbukumbu za saa nzima ambapo umefanya mambo usiyoyajua. Hayo yanahitaji daktari, na kuanza kuongea na "sehemu" peke yako katika hali hiyo kunaweza kukuzidishia shida.

Ushahidi wa kisayansi upo ila bado ni mchache kulinganisha na umaarufu wa mbinu yenyewe. Utafiti unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 2013, ukihusu wagonjwa 79 wa baridi yabisi nchini Marekani. Waliopewa tiba hii walipata nafuu ya maumivu ya viungo na dalili za sonona, na wakawa na huruma zaidi kwa nafsi zao. Kwa upande wa wasiwasi nafuu haikudumu. Anayekuahidi kwamba mbinu hii inaponya kila kitu anakudanganya.

Kwa matumizi ya peke yako nyumbani, ishia kwa wasimamizi na wazimamoto. Wajue, wasikilize, waulize wanaogopa nini. Usiende kumfungulia aliyefungiwa ukiwa peke yako chumbani usiku, hasa kama yaliyompata ni kubakwa, kupigwa sana au kufiwa kwa ghafla. Hiyo ni kazi ya kufanywa pamoja na mtaalamu wa saikolojia, polepole, na walinzi, yaani wasimamizi na wazimamoto, wakiwa wamekubali. Na kama kuna sehemu inayosema bora ufe, usibaki nayo wewe tu: mwambie mtu unayemwamini leo hii, aende nawe hospitali. Muhimbili na Mirembe kwa Tanzania, Mathari kwa Nairobi, zina huduma ya afya ya akili, na hospitali iliyo karibu nawe inaweza kukupokea na kukuelekeza.